Karamu ya Jiwe la Kifuani

Mjini Kyoto, katika nchi ya Japani, kuna chakula kiitwacho kaiseki. Huletwa kidogo kidogo, sahani baada ya sahani, pengine nane, pengine zaidi ya kumi, na mlaji hachagui neno: mpishi amekwisha kumchagulia. Wengi hukiita upeo wa upishi wa Wajapani. Sisi nasi twakisifu, lakini si chote.

Maana ya jina ni jiwe la kifuani. Husimuliwa kwamba watawa wa Zen, walipobanwa na njaa, walitia jiwe lenye moto ndani ya kanzu ili tumbo litulie. Naye Sen no Rikyu, bwana wa chai aliyekufa mwaka 1591, aliwataka wageni wapewe supu moja na vitoweo viwili au vitatu tu, wasije wakanywa chai kali na tumbo tupu. (Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Mkristo, Takayama Ukon, aliyetangazwa Mwenye Heri mwaka 2017.) Basi chakula hiki kilizaliwa na ufukara wa kupenda.

Tazama sasa. Katika nyumba zenye sifa, chakula cha jioni cha mtu mmoja hupita yeni 30,000. Nyingine hazimpokei mgeni asiyeletwa na mteja wao wa zamani. Watasema: mpishi ametumika miaka mingi, na vyombo vyenyewe ni vya thamani. Ni kweli, wala hatumnyimi fundi ujira wake. Lakini mahali pengine twaona hata karatasi ya dhahabu juu ya samaki, na hapo twauliza: jiwe liko wapi?

Jibu, kwa maoni yetu, limo katika bakuli la supu. Ni maji, mwani wa kombu, na samaki aliyekaushwa kwa moshi na kuparuzwa membamba kama karatasi. Hakuna mafuta. Ukifunua kifuniko, mvuke wakufikia kabla ya ladha. Wakati wa joto, ndani yake huwekwa hamo, samaki wa jamii ya mkunga, mwenye miiba midogo isiyong'oleka. Mpishi humkata zaidi ya mara ishirini katika upana wa sentimita 3, bila kupasua ngozi; miiba hailiwi tena kama miiba. Kazi hiyo yote yafichika, na hiyo ndiyo tunayoisifu kuliko dhahabu.

Tena, anayetaka kujua asili yake aende kwenye chakula cha chai chenyewe, si cha mikahawa. Kule wali huja mwanzoni, si mwishoni. Mwisho huletwa maji ya moto yenye ukoko wa wali na chumvi kidogo. Wageni huyamimina bakulini, hunywa, hufuta vyombo vyao kwa karatasi. Kisha wote pamoja huachia vijiti vianguke juu ya sinia. Mwenyeji, aliye jikoni, husikia mlio huo akajua wamemaliza.