Usafi si Uzima: juu ya tishu za Kinshasa

Mwaka 2008 Michael Worobey na wenzake walitoa katika jarida la Nature uchunguzi wa vipande 27 vya tishu vilivyohifadhiwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, kati ya 1958 na 1960. Kimoja tu, cha tezi ya limfu, kilidhihirisha virusi vya UKIMWI. Vile 26 vilivyonyamaza vyatuambia nini?

Hapa yatupasa kupima maneno. Kipimo cha mwanga kikikaribia 1.8, husemwa kwamba ADN ni safi, yaani haina protini. Lakini dawa za kuhifadhia tishu huikatakata ADN. Iliyo safi yaweza kuwa imevunjika. Neno «ubora» hulificha pengo hili.

Sifa ya watafiti hao ni kutafuta vipande vifupi, na kuthibitishiwa na maabara ya pili. Hata hivyo, kimya kisisomwe kama jibu. Kwanza itafutwe jeni ya mwanadamu katika tishu ile ile, kwa urefu ule ule. Isipopatikana, tuseme «haisomeki», tusiseme «hakuna»; la sivyo historia ya maradhi haya nchini mwetu itaandikwa na tishu zilizoharibika.