Kijana Amekataa Kusaini

Out of the Park Baseball ni mchezo wa kusoma. Sawa, matoleo ya siku hizi yana uwanja wa 3D na vijitu vinavyokimbia, lakini sehemu kubwa ya saa zako unazimaliza kwenye majedwali: jina, umri, alama za kipaji kutoka 20 hadi 80, aya mbili za skauti anayedai kijana ana mkono wa ajabu. Mjerumani Markus Heinsohn aliuanzisha 1999, na hadi leo mvuto wake ni uleule. Unapewa takwimu, wewe mwenyewe unajaza hadithi. Kwa hivyo nitausoma kama tunavyosoma riwaya, na nitakaa kwenye sura moja tu: wiki zile baada ya drafti, ukijaribu kumsaini kijana aliyekaza.

Kama umewahi kukesha na Football Manager, mengi utayaelewa haraka. Jambo la kulishika ni hili. Kwa soka, kinda mzuri anaweza kutafutwa na klabu kumi kwa wakati mmoja. Kwa besiboli ya Marekani, tangu 1965, klabu zinapokezana kuchagua vijana, na kwa kawaida zilizofanya vibaya hutangulia. Ukishachaguliwa, klabu hiyo pekee ndiyo unayoweza kusaini nayo mwaka huo. Huwezi kuambia Pirates kwamba Yankees wamekuahidi zaidi. Kijana wa Kimarekani aliyetoka sekondari ana jibu moja tu la nguvu: basi, naenda chuo. Akiingia chuo cha miaka minne, kwa kawaida klabu zitamsubiri miaka mitatu, au hadi afikishe 21.

Mchezo unalijua jibu hilo, na umelipa safu yake. Kando ya kila jina kuna kiwango cha ugumu wa kumsaini: rahisi, kawaida, ngumu, mpaka kufikia lile neno ambalo kwa Kiswahili ni "haiwezekani". Pembeni yake kuna bei. Wengine wanataka bonasi ya kawaida ya nafasi waliyochaguliwa, wengine wanataka mara mbili, mara tatu.

Ukicheza peke yako, hii ni hesabu tu. Kwenye ligi ya mtandaoni ndipo inakuwa drama. Kila klabu ina binadamu wake, kamishna anasogeza kalenda siku kadhaa kwa mpigo, na wewe unatuma ofa yako kisha unangoja. Hakuna kubonyeza tena. Unaenda kazini, unarudi, unafungua faili jipya: kijana bado anafikiria. Unaongeza laki chache za dola, unangoja tena. Tarehe ya mwisho inakaribia na wenzako kwenye gumzo wanakucheka, "Buda, huyo umemtupa bure." Hakuna mchezo mwingine wa umeneja unaonipa subira ya namna hii, kitu kinachofanana na kungoja jibu la posa. Kwa hilo waundaji wanastahili sifa zao zote.

Lakini hebu tuangalie lugha. Kijana ana uhusika, na uhusika huo umeandikwa kwa tabia chache: uaminifu, bidii, akili, uongozi, na ile ambayo kwa miaka mingi mchezo uliiita kwa jina lisilo na haya, uroho. Kwa hivyo akikataa, macho yako yanaenda moja kwa moja kwenye tabia hiyo. Amekataa kwa sababu ni mroho. Amekataa kwa sababu ni mgumu. Mchezo unakupa kiti cha klabu na kiti hicho pekee, na ukikalia kiti kwa misimu kumi utaanza kuongea kama mwenye kiti. Asiyekuwapo na lake halipo, na kwenye mazungumzo haya asiyekuwapo ni kijana.

Nadhani hapo ndipo mchezo unapotupotosha. Ugumu wa kusaini kwa sehemu kubwa hautoki moyoni. Unatoka kwenye mlango wa pili. Mwenye pa kwenda anaitwa mkaidi, na asiye na pa kwenda anaitwa rahisi.

Ushahidi bora ni mtu halisi, Mark Appel. Mwaka 2012 alikuwa mrushaji wa Stanford, na Pittsburgh Pirates walimchagua wa 8. Bei iliyopangiwa nafasi hiyo ilikuwa takriban dola milioni 2.9. Pirates wakapanda hadi milioni 3.8, karibu na dari kabisa, kwa sababu sheria zilizoanza mwaka huohuo zinainyang'anya klabu chaguo la baadaye ikizidisha bajeti yake ya bonasi kwa zaidi ya asilimia 5. Appel akasema hapana. Alikuwa na mwaka mmoja zaidi chuoni, akarudi Stanford. Ungekuwa ni mchezo, safu yake ingesomeka "haiwezekani".

Mwaka uliofuata Houston Astros walimchukua wa kwanza kabisa nchini. Bei ya nafasi hiyo ilikuwa milioni 7.79. Alisaini kwa milioni 6.35. Chini ya bei, bwana, huyo mkaidi! Mshauri wake alikuwa yuleyule Scott Boras, mtu ambaye wenye klabu humwogopa kama mkaguzi wa KRA. Appel hakuwa amebadilika moyo. Kilichobadilika ni kwamba alishamaliza miaka yake minne na mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa.

Sasa fikiria mwanachuo wa mwaka wa nne ambaye si Mark Appel. Huyu ni beki wa kituo cha pili, ana miaka 22, kipaji cha wastani. Kwa drafti halisi, klabu humchukua raundi ya 6 au ya 9 kwa makusudi na kumpa bonasi ndogo sana, wakati mwingine dola elfu kumi au chini, mahali ambapo bei iliyopangwa ni zaidi ya laki moja. Kile kinachobaki hupelekwa kwa kijana wa sekondari aliyekaza. Yaani ukaidi wa mmoja unalipwa na unyonge wa mwingine. Kila meneja mjanja wa ligi ya mtandaoni anaiga mbinu hii bila kuambiwa: sheheneza wale wa bei rahisi, weka akiba, kisha mvamie yule ambaye wenzako walimwogopa. Inafanya kazi. Inapendeza hata. Na hakuna mahali kwenye skrini panapokuonyesha majina hayo mawili pamoja.

Mbinu yenyewe si uovu, nisieleweke vibaya. Mwaka 2012 Astros walimchagua Carlos Correa wa kwanza na kumsaini kwa milioni 4.8, wakati bei ya nafasi ilikuwa 7.2. Akiba hiyo iliwawezesha kumpa Lance McCullers Jr., aliyechaguliwa wa 41 na aliyekuwa ameahidi kwenda Chuo Kikuu cha Florida, milioni 2.5, karibu mara mbili ya bei yake. Miaka mitano baadaye wote wawili walikuwa kwenye timu iliyotwaa World Series. Ukiisoma kama meneja, ni kazi safi. Mimi naisoma pia kama hadithi ya vijana wawili ambao mmoja alifadhili bonasi ya mwenzake, na nasikitika kwamba mchezo wenye hamu kubwa hivi ya takwimu hauna hamu na hilo.

Kuna upande mwingine ambao mchezo unaukwepa. Kukataa kunaweza kumla mtu. Matt Harrington, mrushaji wa sekondari kutoka California, alichaguliwa wa 7 na Colorado Rockies mwaka 2000, akakataa mamilioni. Alichaguliwa tena mwaka uliofuata, na tena, na tena. Mara tano kwa jumla, kila mara klabu tofauti, kila mara chini zaidi, na hakusaini hata moja kati ya hizo tano. Hakuwahi kufika Major League. Kwenye mchezo, kijana asiyesaini anakupotea tu. Unapata hasira ya dakika tano, pengine chaguo la fidia mwaka ujao, halafu maisha yanaendelea. Hasara yote imeandikwa upande wako wa daftari.

Na Appel? Mkono ukamsumbua, Houston wakamuuza Philadelphia, 2018 akaacha besiboli, 2021 akarudi. Juni 2022, akiwa na miaka 30, alirusha mpira wake wa kwanza wa Major League akivaa jezi ya Phillies. Jaribu kuiweka safari hiyo kwenye alama moja ya uroho.

Ninachotaka kwenye toleo lijalo si kikubwa. Msiondoe ile safu, inanipa raha yangu ya Jumanne usiku. Ongezeni tu mstari mmoja chini yake: kijana huyu akikataa, anaenda wapi? Chuo gani, kwa miaka mingapi, nani analipa karo? Na kwa yule wa miaka 22 aliyekubali ofa yangu ya dola elfu tano siku ileile niliyoituma, andikeni ukweli pia, kwamba hakuwa na pengine pa kwenda.