Bao la Mtandaoni: Jinsi ya Kulitambua Andiko la Mradi Lililoiva

Nimechoka kuona kazi mbovu ikipigiwa makofi. Katika maonyesho ya miradi ya wanafunzi wa kompyuta hivi karibuni, zawadi ya kwanza ilikwenda kwa timu iliyotengeneza bao la kuchezwa na watu wawili walio mbali, kila mmoja na simu yake. Ubao ulichorwa ukafanana na mvule uliochongwa, kete zililia zikidondoka shimoni, na majaji waliuzunguka wakipiga picha. Andiko la mradi lilikuwa pale pale mezani na hakuna aliyeligusa. Mimi nililisoma. Ratiba ilitenga wiki 9 za muonekano, na wiki 1 iliyoitwa “kuunganisha mtandao”. Wahenga walishasema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Waliotoa zawadi ile waliishia mlangoni.

Ubora wa mradi wa namna hii unasomeka kwenye karatasi, kabla hata mstari mmoja wa msimbo haujaandikwa. Mtahini anayejua kazi yake hahitaji kuwasha simu.

Anza na kanuni. Anayeandika “tutatengeneza mchezo wa bao” kisha akarukia michoro ya skrini hajui anachotengeneza. Je, ni bao la kujifunza au bao la Kiswahili? Andiko lililoiva linafungua kwa hali ya kuanzia: mashimo 32, kete 64, kila upande una kete 10 ubaoni, yaani 6 katika shimo liitwalo nyumba na mbilimbili katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 zimebaki mkononi. Linatenganisha namua, kete za mkononi zinapoingizwa ubaoni, na mtaji, zinapokuwa zimekwisha mkononi. Linasema kula ni lazima, linasema ukila kwenye kimbi, yaani mashimo ya pembeni, huna hiari ya kichwa cha kuanzia kusambaza, na linaeleza lini nyumba inalala (kete zake zinabaki) na lini inasafiri (zinasambazwa). Tena linataja baraza ambalo kanuni zake zimefuatwa, maana kwenye vipengele vidogo mabaraza hayakubaliani. Mtafiti Alex de Voogt alipochunguza umahiri wa mabingwa wa bao wa Zanzibar, kazi aliyoitoa mwaka 1995 ilijaza kitabu kizima. Kanuni za mchezo kama huo hazimalizwi kwa aya mbili.

Na kuna mwendo usiokoma. Wataalamu wa hesabu za michezo wameonyesha kwamba zipo hali za ubao ambapo kete zikianza kusambazwa huzunguka tu, hazilali. Barazani watu watacheka na kukubaliana la kufanya. Seva haicheki, itazunguka hadi izimwe. Andiko linalotaja kikomo cha mizunguko limeandikwa na mtu aliyefikiri, na hapo hapo nalipa alama.

Timu iwe ya watu wanne. Watatu hawatoshi na watano hugeuka mkutano. Frederick Brooks aliwaonya wahandisi wa programu tangu 1975 kwamba mradi uliochelewa ukiongezewa watu huchelewa zaidi, na wanafunzi bado wanadhani mwenzao wa sita atawaokoa wiki ya mwisho. Jihadhari pia na mgawanyo wa kazi ambamo mmoja amepewa “ripoti” peke yake. Huyo hatajua chochote siku ya utetezi. Na kurasa zisizidi 12. Andiko refu kuliko hapo huwa limeficha kitu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mgeni wa kazi hii halioni kamwe: namba ya hatua.

Fikiria mchezaji yuko kwenye boti ya Unguja. Anagusa shimo la tano, kushoto. Ujumbe unafika kwenye seva, kete zinasambazwa, lakini jibu linapotelea baharini. Simu imenyamaza. Anagusa tena, na ujumbe huo wa pili unakwama njiani. Wakati huo mpinzani wake aliyeko Tanga keshacheza, na zamu imerudi kwa mwenzake wa boti. Hapo ndipo ule ujumbe uliokwama unapofika. Seva inaukagua: zamu ni yake, shimo lina kete, kanuni hazijavunjwa. Inaucheza. Mtu wa watu amechezewa hatua ambayo hakuikusudia, pengine nyumba yake imesafiri na kuliwa, na hajui kilichompata.

Wanafunzi wote hulikabili tatizo hili kwa sentensi moja: “Seva itakagua zamu.” Mmeona kwamba zamu ilikaguliwa na bado mchezo umeharibika. Dawa yake ni tarakimu tu. Ujumbe useme “hii ni hatua ya 17”. Seva ikiwa imeshafika ya 18, inajua kwamba ya 17 imekwisha kuchezwa, inaukataa ujumbe na kuirudishia simu yale yaliyoipita. Kwa namba hiyo hiyo mtandao ukikatika kisha ukarudi, simu inasema “nina hadi ya 16”, inapewa zilizobaki, ubao unajengeka upya. Kwa namba hiyo hiyo, wakibishana nani kala nini, mchezo unarudiwa wote mbele yao toka kete ya kwanza. Bao halina dado. Hali ya kuanzia na orodha ya hatua vinatosha kujua kila kete iko wapi.

Ndiyo maana ujumbe mzuri ni mfupi: namba, shimo, upande, na nyumba ilale au isafiri. Basi. Ukiona andiko ambalo simu inatuma ubao mzima kwenye seva, lifunge. Najua timu iliyofanya hivyo. Mwanafunzi mwenzao alifungua zana za kivinjari, akajiandikia kete 40 mstari wa mbele, wa mpinzani akauacha mtupu, akatuma. Seva ikamtangaza mshindi. Anayepaswa kuuhifadhi ubao ni seva pekee. Simu huomba na seva huamua, na baada ya kila hatua seva inajumlisha kete zote, za ubaoni na za mkononi. Zisipokuwa 64, mchezo usimame.

Wapo na walaghai wa wazi. Nilishuhudia onyesho la simu mbili zikichezeana vizuri ajabu, hadi msimamizi alipoomba kuchagua shimo yeye mwenyewe. Simu ya pili ilijibu kwa hatua ile ile iliyokuwa imepangiwa. Haikuwa imeunganishwa na chochote.

Kinyume chao ni mwalimu mmoja, sasa amestaafu, ambaye hakuruhusu timu yake kugusa kibodi kabla ya kucheza kwa vikaratasi. Mchezaji mmoja na ubao wake chumba hiki, mwingine chumba kile, na wa tatu kwenye korido ndiye seva. Wa nne alibeba vikaratasi vya hatua. Mwalimu alisimama njiani. Mara anampokonya mbebaji kikaratasi, mara anamwamuru akipeleke mara mbili, mara anakishikilia hadi mchezo uwe umesonga. Mbao zilipoanza kutofautiana, wanafunzi wenyewe walianza kuandika namba kwenye pembe ya kila kikaratasi. Hawakuambiwa na mtu. Sijaona mpango wa mradi uliopikwa vizuri kuliko ule.

Wakati huo maabara ilikuwa na kompyuta chache, na zamu yako ikifika ulilazimika kujua unakwenda kuandika nini. Maandiko yalikuja kwa mkono, yamefutwafutwa, yana michoro ya mashimo kwa penseli. Siku hizi kila mmoja ana laptopu na anaanza na rangi. Kuunganisha simu na seva kumekuwa kazi ya alasiri moja, kwa kuwa itifaki ya WebSocket ni kiwango rasmi tangu 2011. Timu inayojisifu kwa kuunganisha simu mbili inajisifia jasho la wengine.

Anayetaka kuona kazi ya bingwa atazame Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji iliyoanzishwa na Thibault Duplessis wa Ufaransa mwaka 2010. Msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma bure. Mpinzani akitoweka, haikuachi ukikodolea skrini. Baada ya muda unapewa haki ya kudai ushindi. Je, andiko la wanafunzi wako linasema nini kuhusu mpinzani aliyeishiwa bando?

Mpangilio wa ratiba nao una sheria. Kanuni za mchezo kwanza, bila mtandao na bila picha, zikijaribiwa kwa michezo halisi iliyonakiliwa barazani hatua kwa hatua. Programu ikifika mwisho na ubao tofauti na ule wa wazee, programu ndiyo yenye makosa. Kisha wachezaji wawili kwa maandishi matupu. Mtandao ukatwe makusudi kila wiki. Ubao wa mvule na milio ya kete vije mwisho, tena viwe vichache, maana bao zuri la simu lina rangi mbili tu.

Watahini wenzangu, msitoe tena alama kwa michoro. Ombeni ukurasa unaoonyesha ujumbe mmoja wa hatua na namba yake, pamoja na kinachotokea ukipotea, ukichelewa, au ukifika mara mbili. Andiko lisilo na ukurasa huo lirudishwe kwa wenyewe siku hiyo hiyo.