Jemadari Asiyekuwapo: Lugha ya Vita katika Masimulizi ya Mbulu na Hanang

Lugha ya vita katika Kiswahili imejengwa kwa sehemu kubwa na tendi za pwani. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo wa Athumani, wasimulia kwa beti zaidi ya elfu moja vita baina ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Katika vita vya namna hiyo yuko mkuu atoaye amri, na wako walio chini yake waitimizao. Asili ya maneno yenyewe yashuhudia: jeshi, amiri na amri ni ya Kiarabu, jemadari latokana na Kiajemi.

Mahali pake lugha hiyo haina ila. Kosa huanza inapohamishwa bila kupimwa hadi Mbulu na Hanang. Karne hiyo hiyo ya 18 Wadatoga walikuwa wakichunga katika nyanda za Ngorongoro, mpaka karne ya 19 Wamasai walipowasukuma kusini. Mfasiri akiandika kwamba "jemadari wa Wadatoga aliamuru majeshi yapige kambi," msomaji ataona safu za mahema na ngazi za vyeo. Kumbe kwa Wabarabaig wa Hanang, ambao ni Wadatoga, mambo ya watu wote huamuliwa na wanaume katika mkutano wao chini ya mti, uitwao getabaraku. Wairaqw nao, katika milima ya Irqwar Da'aw, walichimba nyumba ubavuni mwa mlima ili adui asizione upesi. Huo ni ulinzi wa kaya, wala si kambi ya askari.

Hata neno boma lataka hadhari, kwani ni zizi, ni makazi, ni ngome, na tangu enzi ya Wajerumani ni ofisi ya Serikali pia. Jina Mang'ati vilevile lilitoka kwa Wamasai, maana yake adui. Alitumiaye bila maelezo amekwisha chagua upande.

Yafaa basi mfasiri aseme wazi: wazee walikubaliana, vijana walikwenda, watu walilala na mifugo yao. Na neno la wenyeji lisilo na mwenzake libaki lilivyo, lifafanuliwe. La sivyo, mtoto wa Hanang atalitafuta jina la jemadari huyo kwa babu zake asilipate, akadhani wazee wamesahau. Kumbe waliyahifadhi yote, na aliyeongeza ni mfasiri.