Kila Rekodi Ifike Salama

Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Kwa anayejaza fomu kaunta ni namba ndefu ya kuchosha vidole, basi. Kwa fundi wa hifadhidata aliyepewa kazi ya kuhamisha rekodi za wanachama kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, ni mtego.

Mtego wenyewe uko hivi. Aina kubwa ya namba kamili inayotumika katika hifadhidata nyingi ina biti 64. Hata ukiitengea namba chanya peke yake, kikomo chake ni 18,446,744,073,709,551,615. Zihesabu tarakimu: ni 20. Unaweza kudhani nafasi inatosha. Lakini namba ya mtu aliyezaliwa mwaka 1985 inaanza na 1985, na hiyo tayari imepita 1844, kwa hiyo haiingii. Na aliyezipitisha rekodi hizo kwenye Excel, eti azitupie macho kidogo kabla ya kuzipakia, ameharibu zaidi, maana Excel hutunza tarakimu 15 za namba na zinazobaki huzigeuza sifuri. Faili linafunguka kama kawaida. Tarakimu tano za mwisho za kila mwanachama zimeshakwenda.

Fundi mzuri huitunza namba hiyo kama maandishi. Nani atakaa kujumlisha vitambulisho? Namba ya simu nayo ni hivyohivyo: ukiifanya namba, sifuri ya mwanzo inapotea. Na ukiweka sharti kwamba kila simu ya mkononi ya Kenya lazima ianze na 07, umewakataa wateja wote waliopata laini zinazoanza na 01 tangu mwaka 2019. Vitu vidogo kabisa. Ila mfumo mpya ukishawashwa, mteja hakuulizi kama kosa lilikuwa dogo au kubwa. Anauliza akaunti yake iko wapi.

Ninavyoona mimi, nusu ya ufundi huu ni kusoma. Skima, yaani mpangilio wa majedwali na masharti yake, inakuambia kilichokusudiwa na waliojenga mfumo. Data inakuambia watu walivyoutumia kweli, na mara nyingi mambo hayo mawili hayafanani. Utakuta kolamu ya faksi imejaa namba za simu za ndugu wa karibu, kwa kuwa mfumo haukuwa na mahali pa kuziandika na makarani wakajitafutia njia. Utakuta mamia ya wateja waliozaliwa tarehe 1 Januari 1900. Hao si wazee wa ajabu. Fomu ilikataa kuachwa wazi. Utakuta kolamu ya hali ya akaunti yenye 1, 2, 3, halafu ghafla 9, na hakuna waraka unaoeleza 9 ni nini.

Hapo ndipo fundi anapoacha kompyuta na kwenda kuketi na mama wa uhasibu aliyebakiza muda mfupi astaafu. "Shikamoo mama. Hii tisa ni nini?" Na mama atamjibu bila kuinua macho: "Hao ni marehemu, mwanangu, mirathi yao haijaisha. Ukiwafuta, familia zitakuja kukutafuta wewe." Sentensi moja ya namna hiyo ina thamani kuliko programu ghali ya kuhamishia data. Mafundi ninaowaheshimu huandika majibu hayo yote kwenye daftari, pamoja na jina la aliyejibu na tarehe, halafu ndipo waandike mstari wa kwanza wa msimbo.

Kuna pia maana zinazobadilika kwa sababu ya hifadhidata yenyewe. Oracle haitofautishi kati ya maandishi matupu na kutokuwepo kitu kabisa. Kwake ni jambo moja. PostgreSQL inatofautisha. Hamisha wateja kutoka ya kwanza kwenda ya pili, na ripoti inayotafuta wasio na jina la kati inaweza kutoa majibu mapya bila hata rekodi moja kupotea. Fundi asiyejua hilo atatafuta kosa kwa wiki nzima mahali ambapo halipo.

Kubadilisha skima huku watu wanaendelea na kazi ni kama kubadili nguzo ya nyumba wenyewe wakiwa wamelala ndani. Mwaka 2006 Scott Ambler na Pramod Sadalage walitoa kitabu kizima kuhusu jambo hilo, Refactoring Databases, na mwendo wanaouelekeza ni wa pole kiasi cha kumkera mkubwa wa ofisi. Chukua kolamu moja ya jina kamili ambayo mfumo mpya unaitaka iwe tatu. Mwenye haraka huivunja usiku mmoja. Fundi huongeza kolamu tatu mpya kando ya ile ya zamani, wala haigusi. Programu inaanza kuandika kote kuwili. Rekodi za nyuma zinajazwa kidogokidogo, elfu moja, kisha elfu nyingine, ili seva isichoke. Zinalinganishwa. Usomaji unahamishiwa kwenye kolamu mpya, watu wanafanya kazi kwa siku kadhaa bila kujua lolote, na ndipo kolamu ya zamani inaondolewa. Kwa kila hatua, isipokuwa hiyo ya mwisho, ukijikwaa unarudi ulipokuwa.

Tena kwa majina yetu, hatua ile ya mwisho mimi ningeichelewesha sana. Juma Hamisi Juma atagawanyika bila shida. Mwanaisha binti Salim je? Na Mrundi au Mnyarwanda ambaye jina lake halifanani na la baba wala la ndugu zake? Kanuni yoyote ya kugawa majina ni kubahatisha, na fundi muungwana huliacha jina zima kama mwenyewe alivyoliandika.

Kuongeza kolamu ni amri ya mstari mmoja, lakini mstari huo una adabu zake. Katika PostgreSQL, amri ya kubadili jedwali kwa kawaida hudai kufuli lisiloruhusu mwingine yeyote, hata msomaji. Ikikuta ripoti ndefu inaendelea, inasubiri. Na wakati inasubiri, kila anayekuja nyuma yake naye anapanga foleni. Kazi ya kufumba na kufumbua inaweza kusimamisha matawi yote kwa sababu ya ripoti ya mtu mmoja. Kwa hiyo fundi huiwekea amri yake kikomo cha kusubiri, sekunde mbili tatu. Isipopata nafasi, ikae pembeni na ijaribu tena baadaye. Zamani, kuongeza kolamu yenye thamani ya kuanzia kulilazimu jedwali zima kuandikwa upya. Tangu toleo la 11 la mwaka 2018, kwa thamani isiyobadilika, hakuna haja hiyo tena. Fundi hupenda kujua yuko kwenye toleo gani kabla ya kugusa kitu.

Halafu yanakuja mahesabu, na hapa ndipo mapenzi yangu yalipo. Kuhesabu rekodi, milioni moja huku na milioni moja kule, hakuthibitishi mengi. Salio la Asha linaweza kuwa limekaa kwa Ashura na idadi isitikisike. Fundi hujumlisha masalio kwa tawi, kwa sarafu, kwa aina ya akaunti, kwa mwezi. Tofauti ikiwa shilingi arobaini, wengine husema ipite. Yeye hakubali, kwa sababu anajua makosa mawili makubwa yanayovuta pande mbili yanaweza kumezana na kubakiza shilingi arobaini. Atazifukuzia hizo arobaini hadi azikute kwenye kukadiria desimali za riba, au akute jambo la kutisha zaidi.

Kazi hii ikienda vizuri haina habari ya kuandikwa gazetini. Mwaka 2015 M-Pesa ya Kenya ilihamishwa kutoka seva zilizokuwa Ujerumani hadi kwenye mfumo mpya nchini Kenya, na watu wakaendelea kutumiana pesa. Ni wateja wangapi wanaoukumbuka mwaka huo kwa sababu hiyo? Ila TSB ya Uingereza inakumbukwa. Aprili 2018 benki hiyo iliwahamisha wateja wake, wapatao milioni 5.2, kwenda mfumo mpya. Mamlaka zinazosimamia mabenki zilipochunguza zilikuta kwamba data yenyewe ilifika salama. Mfumo ulioipokea ndio ulioshindwa. Wateja wakafungiwa nje ya akaunti zao, na huduma zikachukua hadi Desemba kurejea kawaida. Faini ilitoka mwaka 2022: pauni milioni 48.65. Uchunguzi huru ulikuwa umeshaeleza kuwa kati ya vituo viwili vya data, majaribio ya uwezo yalifanyika kwenye kimoja tu. Nawahurumia waliohamisha zile rekodi. Kazi yao ilifika, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuisifu.

Kwa hiyo wewe unayeongoza shirika, au chama chako cha akiba na mikopo kinachojiandaa kubadili mfumo: fundi akikuomba wikiendi moja zaidi ya kufanya zoezi zima tangu mwanzo, mpe. Na akisema mfumo wa zamani usizimwe mpaka hesabu za mwezi zifungwe angalau mara moja ndani ya ule mpya, lipia seva zote mbili na usimsumbue.