Fuvu Lina Urefu na Upana, Halina Kabila

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, ambao pia ulikuwa wa pili, nilienda kutafuta kitambulisho. Karani akaangalia fomu, akaniangalia mimi, akarudi kwa fomu. "Jina ni la huku, lakini hiyo pua imetoka wapi?" Watu kwa foleni wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ukitaka karatasi unacheka. Nilirudishwa nyumbani mara mbili, eti nilete stakabadhi za babu. Mara ya tatu nikakipata. Karo ndiyo sikupata, chuo nikakiacha, lakini lile swali la pua nikabaki nalo.

Ndiyo maana kitabu cha Louis Leakey, The Stone Age Races of Kenya, kilichotoka 1935, nilikisoma kama mtu anayesoma faili lake mwenyewe. Kinaeleza mifupa ya watu wa kale, mingi ikiwa imefukuliwa Bonde la Ufa, pande za Nakuru na Elmenteita, pamoja na ile ya Gamble's Cave. Fuvu linapimwa urefu, upana, uso, tundu la pua. Kisha hesabu: chukua upana, gawanya kwa urefu, zidisha kwa 100. Chini ya 75, kichwa ni kirefu. Kuanzia 80, ni kipana. Hesabu hiyo ilianzishwa na Anders Retzius wa Uswidi miaka ya 1840, na kwa miaka karibu mia wasomi wa Ulaya waliitumia kupanga walimwengu kama vyombo kabatini.

Wacha nimpe Leakey haki yake. Anakupa vipimo vyenyewe, si maoni tu, hivyo mtu mwingine anaweza kumfuata nyuma na kumpinga. Waandishi wengi wa leo hawatupi hata hiyo nafasi. Shida yangu iko kwa jina la kitabu, kwa lile neno Races. Masanduku yalikuwa yameshaandikwa majina kabla fuvu halijatoka udongoni. Kichwa kirefu, uso mwembamba: basi huyu si Mweusi, anafanana na watu wa kaskazini. Hata zana za mawe za Gamble's Cave alikuwa ameziita za Aurignacian, jina linalotokana na pango moja la Ufaransa. Na msomaji wa 1935 alikuwa tayari ameandaliwa: miaka mitano nyuma C. G. Seligman alikuwa ametoa Races of Africa, akisema ustaarabu wa bara hili ni kazi ya Wahamiti waliotoka nje. Ukiwa na stori kama hiyo kichwani, fuvu litakuambia unachotaka kusikia.

Kasoro ya njia yenyewe haihitaji digrii kuiona. Mafuvu mawili ya sura tofauti kabisa yanaweza kutoa namba moja. Watu wa boma moja wanaweza kutoa namba tofauti. Halafu kichwa chenyewe hakijatulia: kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Franz Boas aliwapima maelfu ya wahamiaji na watoto wao kule New York, akakuta vichwa vya watoto waliozaliwa Marekani vimeachana na vya wazazi wao. Mwaka 1975, G. P. Rightmire aliyarudia mafuvu ya Bonde la Ufa, safari hii akilinganisha vipimo vingi kwa pamoja, na hakuona sababu ya kuwatoa watu hao Afrika.

Hapo ningefunga, na makofi ningepata. Mzungu alikosea, sisi ni wa hapa, twende nyumbani.

Lakini mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania, wakiwemo wa Hyrax Hill, pale pale Nakuru. Wafugaji wa mwanzo wa nchi hii walikuwa na asili iliyochanganyika: upande mmoja unahusiana na watu wa kaskazini mwa Afrika na Mashariki ya Kati, mwingine na watu wa pande za Sudan, mwingine na wawindaji waliowakuta hapa. Kumbe kaskazini kulikuwamo. Nilikunja laptopu nikakaa kidogo.

Je, hiyo inamrudishia Leakey ushindi? Naona hapana. Wafugaji hao si watu wa Gamble's Cave, ambao walikuwa wawindaji wa kale zaidi. Na swali lake lilikuwa: huyu ni wa sanduku gani? Jibu la mifupa ni kwamba mtu mmoja alibeba masanduku matatu. Ila na sisi tunaotaka ukoo safi, wa hapa tangu mwanzo wa dunia bila mgeni hata mmoja, tumeshindwa pia. Tulitaka kumpinga Leakey huku tukilinda kabati lake.

Berlin kuna mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotolewa iliyokuwa koloni la Wajerumani huku kwetu, mengi yakiwa ya Rwanda. Yalipelekwa kupimwa. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba DNA imepata jamaa walio hai wa baadhi yake, Tanzania. Zaidi ya miaka mia ya kuyaweka kwenye rafu, na hatimaye mtu akauliza swali ambalo kila mama kijijini angeanza nalo: huyu ni mtoto wa nani?

Kitabu cha Leakey kisomeni. Someni vipimo taratibu, mkiuliza kila mara nani ameshika kalipa na alikuwa anatafuta nini. Mimi nilipomaliza nilitoa kitambulisho nikaangalia picha. Pua iko pale pale. Imetoka kwa nyanya yangu, na yeye hakuwahi kuniambia aliitoa wapi.