Ndoa Wakati wa Mavuno

Songea hatukosi harusi. Kuanzia mwezi wa sita, mahindi yakishakauka na barabara za vijijini zikishapitika, kadi za michango huanza kuzunguka na kumbi hugombewa. Binti hufanyiwa kicheni pati. Shangazi na makungwi humkalisha chini wakamfunda namna ya kumpokea mume, kumpikia na kumstahi mama mkwe. Bwana harusi naye hushonewa suti.

Nina neno juu ya hilo, nitalisema baadaye. Kwanza nisifu ufundi ambao sijausikia ukiimbwa kwenye ukumbi wowote: ufundi wa watu wawili kukaa mbele ya mavuno yao, wakayapangia matumizi, wakainuka wakiwa bado wanapendana.

Asiyelima anaweza kushangaa kwa nini naanzia hapo. Mahindi ya huku hupandwa mvua za kwanza zinaposhuka, Novemba au Desemba. Kuna mbolea ya kupandia, kuna palizi, kuna mbolea ya kukuzia, kuna viwavijeshi. Miezi yote hiyo mume na mke wako upande mmoja. Wanachopambana nacho ni magugu na mvua iliyochelewa. Wakishavuna, pesa ikaingia ndani, yule mwenza wa palizi anaweza kugeuka mpinzani. Watu wa Mbinga na kahawa yao, wa Tunduru na korosho zao, wanaelewa ninachosema. Hakuna wilaya isiyo na kisa cha mwanamume aliyeshuka mjini na pesa ya msimu, akarudi mikono mitupu na maneno mengi.

Nilikuwa kwa majirani zangu hapa Mshangano, Songea, siku wanajaza magunia. Mahindi yaliyokwisha kupukuchuliwa yalikuwa yametandazwa kwenye turubai. Mke alikuwa ameshika mdomo wa gunia, mume anaushona kwa shazia. Dalali alikuwa anasubiri kivulini, gari lake limeegeshwa barabarani.

"Haya manne ya chakula," mume alisema.

"Matano, baba. Mwaka huu mwezi wa pili tulinunua unga."

Mume alivuta uzi, akanyamaza kidogo. "Kweli. Matano."

"Na moja la mama."

"Mama yupi?"

"Mama yako."

Mume akacheka. "Basi na la kwenu litengwe."

Wakafika penye ugumu. Mume alitaka kuuza yote yaliyobaki siku hiyohiyo, anunue pikipiki. Kila mkulima wa mkoa wetu wa Ruvuma anajua kwamba kwa kawaida mwezi wa saba bei huwa chini kwa sababu kila mtu anauza, na kwamba mwenye subira na mifuko mizuri ya kuzuia dumuzi hupata zaidi Januari. Mke hakusema hapana. Aliuliza, "Tukiuza yote leo, mbolea ya Novemba tutaitoa wapi?" Uso wa mume ulibadilika. Nilidhani atafoka, maana dalali alikuwa anasikiliza. Akachomeka shazia kwenye gunia, akasema, "Mama watoto, hili tuliache mpaka kesho asubuhi." Akamwuzia dalali magunia mawili ya kulipia ada ya shule, mengine yakaingia ndani.

Mtu anaweza kuona hapo hakuna la kusimulia. Mimi naona kazi ya mafundi wawili. Mke alimsahihisha mumewe kwa jambo walilolipitia wote, ule unga wa mwezi wa pili, hakumwambia kwamba yeye siku zote hajui kupiga hesabu. Akamkumbuka mama mkwe kabla hajakumbushwa. Mume alikubali kosa mbele ya jirani na mbele ya mfanyabiashara, bila kutafuta neno la kulipiza, na wanaume tunajua hilo linavyokaba koo. Pia alipoahirisha mjadala alitaja lini utaendelea. Hapo ndipo kuahirisha kunapoachana na kununa: anayenuna hasemi atarudi lini, mwenzake anabaki kuhesabu siku.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, John Gottman, aliwakalisha wanandoa katika maabara yake kule Seattle, akawarekodi wakibishana, kisha akawafuatilia kwa miaka. Aliona kwamba ndoa zilizo imara nazo zina ubishi, ila katikati ya ubishi huo wema huzidi ubaya kwa kiasi cha tano kwa moja. Aliona pia kwamba kinachotabiri kuvunjika kwa ndoa kuliko vingine ni dharau. Nakubaliana naye, maana dharau ya mavuno naijua kwa sauti yake: "Kwani wewe umelima nini?" Huambiwa mwanamke aliyepalilia na mtoto mgongoni, akateka maji, akapika, akarudi shambani. Sentensi hiyo moja inaweza kufuta msimu mzima wa mapenzi.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililazimika kulijibu swali la namna hiyo mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kulikuwa na ubishi kama kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya wanandoa. Mahakama ilisema ndiyo, zinahesabika chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokiomba, lakini msimamo ule umewabeba wanawake wengi baada yake. Nashukuru majaji waliliona. Inaniuma tu kwamba kazi ya mke ithibitishwe na jaji wakati ndoa imeshakufa, ilhali mume aliiona kila siku akiwa hai na macho yake mawili.

Siku hizi kuna simu. Pesa ya mavuno huingia kimyakimya, namba ya siri anaijua mmoja. Sidai kila mtu atoe namba yake. Ila ujumbe wa malipo ukiingia, usomwe kwa sauti mezani siku hiyohiyo, hata kama kiasi ni kidogo kuliko kilichotarajiwa.

Na wakishindwana kabisa? Wapo wazee, yupo mshenga, na sheria yenyewe, kifungu cha 101, inataka kwa kawaida shauri lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya kuombwa talaka. Lakini wanaofika barazani mara nyingi wamechelewa.

Sasa neno langu. Tunamfunda binti peke yake, kisha tunastaajabu ndoa inapoelemea upande mmoja. Kijana afundwe naye: akae na baba zake wadogo na wajomba siku nzima, aambiwe magunia mangapi ya chakula yanatosha watu wanne mpaka mavuno mengine, aambiwe namna ya kusema "kweli" bila kujihisi amepungua. Wazee wanaoyajua haya tunao. Niliwahi kumsikia mmoja wao kule Ruhuwiko, amepelekewa barua ya posa ya mjukuu wake. Kabla ya kuifungua alimuuliza mshenga, "Kijana wenu mwaka jana aliuza mahindi kwa kushauriana na nani?" Mshenga alikosa jibu, akaomba akaulize. Aliporudi alisema kijana alishauriana na mama yake, aliyelima naye pamoja, na pesa wakaigawa. Mzee akaomba miwani yake, akaifungua barua.